Pembe ya Alhamisi

Pembe ililia Susana akiwa bado chini ya mlima, chupa ya dawa kutoka Same mkononi. Akasimama. Leo Alhamisi. Msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, ni Jumatatu. Pembe ikilia siku nyingine kwao Chome, basi nyumba inaungua au kuna mtu amekufa. Akatazama juu. Moshi hakuna.

"Zipora," akasema.

Zipora, mwanawe wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kansa. Daktari mmoja Mwingereza wa misheni alimtoa uvimbe tumboni, halafu akasema mtoto asilale tu kutwa. Atembee, acheze na wenzake, mwili upate nguvu. Acheze? Mgonjwa wa kansa? Susana aliitikia "ndiyo, Bwana," akaenda nyumbani akamlaza. Hata uji alimnywesha kitandani. Mtoto akazidi kunyauka, miguu ikawa kama vijiti.

Susana aliupanda mlima mbio. Khanga ikadondoka, hakuiokota. Kwa majirani kimya. Kwake mlango wazi, kitanda kitupu, blanketi halipo. Bibi yake, aliyeachiwa amwangalie, naye hayupo.

Wamemfunga kwenye blanketi lake. Wamekwenda kumzika!

Akatoka anapiga yowe, akifuata sauti za watu kule kwenye ndiva, bwawa lao la kumwagilia mashamba.

Kumbe pembe ilikuwa ya ndiva: ukuta wake ulikuwa umebomoka usiku. Watu wazima wanamwaga udongo, watoto wameshikana mikono wanaushindilia kwa miguu, wanaimba. Na katikati yao, tope hadi magotini, blanketi kiunoni, yupo Zipora.

Susana alijipenyeza kati ya watu. Chupa ikamponyoka, Bibi akaidaka.

"Shikamoo, mama!" Zipora alikuwa anahema, jasho linamtiririka. "Usinipige. Napumzika, muulize Bibi."

"Kapumzika kuliko mimi," Bibi akacheka. "Kasikia pembe, huyo kashuka kitandani. Ningemfunga kamba?"

"Mtoto ana kansa!" Susana akapiga kelele. "Mnataka kumuua? Zipora, toka humo!"

Zipora hakutoka. "Mama, miguu inaniuma. Lakini inauma kama ya wenzangu."

Susana akamkamata mkono amvute. Akashtuka tena. Mkono aliouzoea kitandani ulikuwa baridi, umelegea. Huu ulikuwa wa moto, na ulikuwa unamvuta yeye.

"Mama Zipora, unatuzuilia kazi," akafoka Mzee Eliufoo, msimamizi wa ndiva. "Nenda kapumzike. Nyumba yako leo imeshatoa mtu."

Imeshatoa mtu. Mwaka mzima nyumba yake ilikuwa ya kuonewa huruma; pembe ikilia kila nyumba hutoa mtu wa kazi, yake tu ndiyo hurukwa.

Mkono wa mtoto ukamteleza. Susana akakaa palepale kwenye tope, mikono kichwani, macho yamemtoka, akiitazama ile miguu ya vijiti ikipanda na kushuka pamoja na ya wenzake.