Goti la Alanyo

Barafu ilipasuka kwenye trei, ka, ka, gizani, nikajua Wandera amekwisha kuamka.

Nilikuwa nimelala upande wa ukuta, mtoto wetu Nanyama kanikumbatia shingo. Sikufungua macho. Nilimsikiliza mume wangu akivitia vile vipande kwenye chupa ya chai, polepole, kama mtu anayeiba, kisha akajaza trei maji na kuirudisha kwenye friji. Friji ile tuliinunua kwa ajili ya juisi yangu ya pasheni ninayouza klabuni. Tangu mvua za mwanzo wa mwaka, sehemu ya juu yote imekuwa ya goti la Alanyo.

"Juisi yangu jana haikupata baridi," nikasema.

Akashtuka. "Kumbe uko macho?"

"Friji inahudumia wagonjwa."

"Kesho ni fainali, mke wangu, kisha basi." Akakaa ukingoni mwa kitanda kufunga kamba za viatu. "Goti linavimba kidogo tu akimaliza kukimbia. Usiku ndipo linapomsumbua, asipoweka mto chini yake."

"Wewe umejuaje anavyolala?"

"Nerima."

"Nauliza tu."

"Ameniambia mwenyewe. Mimi ndiye ninayempigisha. Asiponiambia mimi amwambie nani?"

Kazi ya Wandera katika klabu ya tenisi ya hapa Bugolobi ni hiyo, kuwapigisha wachezaji mipira. Anasimama ng'ambo ya wavu na kurudisha kila mpira pale mchezaji anapoutaka, bila kutafuta kushinda. Amewapigisha mawakili, watoto wa mabalozi, na bibi mmoja wa Kihindi aliyecheza na bangili zake zote mkononi. Sikuwahi kumwonea wivu hata mmoja. Lakini Alanyo hakuja kupunguza tumbo. Alikuwa bingwa wa klabu, mrefu, mweusi wa kung'aa, hana mume hana mtoto, na aliporudi baada ya upasuaji wa goti alisema mbele ya watu wote kwamba hatapigishwa na mwingine ila Wandera.

Tangu hapo mume wangu anatoka kabla hakujapambazuka. Zamani, nikitoka darasani jioni, maana nasomea ualimu wa chekechea, nilimkuta langoni mwa chuo akinisubiri, Nanyama mabegani mwake. Siku hizi namkuta nyumbani ameinamia simu, anatazama video ya miguu ya mwanamke mwingine. Anasema anaangalia anavyotua. Haya, anatua. Lakini miguu ni miguu.

Alipofika mlangoni akageuka. "Leo kwenye chai watakuuliza. Sema Alanyo."

"Nitasema ninachoona."

"Sema Alanyo, Nerima. Tafadhali."

Alilitaja jina lile kwa ulaini ambao jina langu halijauonja tangu Krismasi.

Wafanyakazi wa klabu wana desturi yao. Siku moja kabla ya fainali, kwenye chai ya asubuhi, kila mmoja anatabiri kwa mdomo mbele ya wenzake: nani atashinda, na kwa seti ngapi. Atakayekosea anamwagilia uwanja alfajiri wiki nzima, kwa sababu uwanja wetu ni wa udongo mwekundu na usipoloweshwa unageuka vumbi. Anayesimamia ni Mzee Ogwal, mtunza uwanja, aliyekuwa askari zamani na ambaye hata maua anayaamrisha kwa Kiswahili cha kambini. Na sheria yake ni moja. Anayempigisha mchezaji wa fainali hatabiri, kwa kuwa anajua mengi mno. Badala yake anatabiri mtu wa nyumbani kwake. Wanasema hivyo siri inabaki salama. Kumbe hapo ndipo kila mtu anatega sikio, maana mke atatabiri alichosikia kitandani.

Nilifika na kasha langu la juisi, Nanyama akinishika sketi. Watu walikuwa wamekaa nyuma ya jiko juu ya makreti ya soda. Zuleika wa chapati, Mnubi mwenye mdomo usiolala, ndiye aliyekuwa anazungumza.

"Mimi nasema Whitney, seti tatu. Yule mtoto ana mapafu ya pikipiki."

"Pikipiki mapafu yake ni moshi, nyabo," akasema Ojera, kijana anayempigisha Whitney, mpinzani wa Alanyo, na watu wakacheka. Dada yake alikuwa amekwisha kutabiri kwa niaba yake.

"Kimya!" Mzee Ogwal akainua kikombe. "Sasa nyumba ya Wandera. Mama Nanyama, simama. Sema."

"Huyu atasema Alanyo," Zuleika akaniwahi. "Atasema nini kingine? Bwana yake analala na raketi ya Alanyo chini ya mto."

Wakacheka tena. Ulikuwa mzaha tu, Zuleika anatania hata waliofiwa. Lakini wakati ule ule nilimwona Wandera upande wa pili wa uwanja. Alikuwa amepiga goti chini, anamfunga Alanyo bendeji, na Alanyo ameegemeza mkono begani kwake asiyumbe. Mkono ule ulikaa pale kama umezaliwa pale.

"Whitney," nikasema. "Seti mbili kwa bila."

Kicheko kikakatika.

"Mbili kwa bila?" akauliza Mzee Ogwal.

"Goti la Alanyo bado linavimba. Akipelekewa mipira mifupi hafiki."

Sikujua kama ninayo maneno yale mpaka yalipotoka. Ojera aliweka kikombe chake chini, chai ikiwa nusu, akatoa simu na kwenda zake kuelekea langoni. Zuleika akanitazama bila mzaha.

"Banange, Mama Nanyama," akasema taratibu. "Umemvua nguo mumeo."

Alasiri nilikuwa naosha chupa kwenye bomba la uani Alanyo alipokuja. Hakuwahi kufika kwetu. Alipita katikati ya nguo za majirani zilizoanikwa, akainama chini ya shuka, akasimama mbele yangu.

"Habari za hapa, Mama Nanyama."

"Nzuri, dada. Karibu kiti."

"Sikai. Nimempigia Wandera, hashiki simu. Nafikiri anaona aibu. Basi nimekuja kwako. Amekwambia goti langu halijapona?"

"Umesikia nini?"

"Nimesikia mke wa Wandera amesema. Kwangu hiyo ni sawa na Wandera kusema. Daktari anasema limepona, lakini daktari ananiona nimelala mezani. Wandera ananiona nikikimbia. Kama yeye amesema halijapona, kesho sichezi. Naacha kabisa. Sina nguvu ya kupasuliwa mara ya pili."

Alisema bila kulia, ila vidole vyake vilikuwa vinavuta uzi wa bendeji, vinavuta, vinavuta. Nanyama alikuwa amechuchumaa karibu yake, anachungulia kovu lililotokeza chini ya kitambaa.

Jambo zima lilikuwa mkononi mwangu. Hata neno nisingehitaji. Ningeinamia tu chupa zangu, naye angeondoka, na mume wangu angerudi kunisubiri langoni jioni. Nitakuwa mwongo nikisema sikulitamani. Nililitamani kama mwenye kiu.

"Hakusema hivyo," nikasema. "Alisema linavimba kidogo ukimaliza kukimbia. Mengine ni yangu."

"Yako vipi?"

"Nina wivu na wewe, Alanyo."

"Na mimi?"

"Na wewe. Na hilo goti lako."

Nilidhani atacheka, au atanituliza, aniambie mumeo ni kaka yangu na maneno kama hayo. Uso wake ukakaza.

"Mimi nimejifunza kutembea upya nikishika ukuta. Na wewe umempelekea Whitney siri yangu kwa sababu ya wivu?"

"Ndiyo."

"Kale, sawa. Kesho njoo ukae mbele kabisa, benchi la chini. Nataka nikuone ninapocheza."

Akaondoka. Sikumwambia pole. Neno lenyewe lilikuwa dogo mno.

Wandera aliporudi alikula, akanawa, akaniuliza jambo moja tu.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikwambie nini? Kwamba naionea wivu barafu?"

Hakucheka. "Wanasema nyumba yangu haina mlango. Nani atanipa goti lake tena?"

Mtu anayepigisha mipira hana cheti wala ofisi, ana imani ya watu, na mimi nilikuwa nimeimwaga nyuma ya jiko pale mbele ya chapati.

Siku ya fainali nikakaa benchi la chini na Nanyama, jua usoni. Klabu nzima ilikuwepo. Whitney alianza vile vile nilivyomfundisha. Mrefu, mrefu, kisha mfupi, mpira unadondoka nyuma ya wavu kama leso. Alanyo alianza kukimbia, akasita, akauacha. Ukaja mwingine, akauacha. Kila aliposita, vichwa viligeuka kunitazama. Ojera alikuwa anachekelea kwenye uzio. Seti ya kwanza ikaisha sita kwa mbili, na nilijiona kama mimi ndiye niliyeishika raketi ya Whitney.

Seti ya pili ilipoanza Wandera akaja akakaa kando yangu, bila kunitazama.

"Angalia mguu wa kulia," akanong'ona. "Achana na mpira. Mguu."

Nikaangalia.

"Umeona unavyotua? Goti halina kitu. Kichwa ndicho kinachokataa."

Nikamtazama yeye badala ya mguu. Alikuwa amekunja uso kama fundi wa gereji za Kisenyi anayesikiliza injini, hajali gari ni zuri kiasi gani wala ni la nani. Kumbe ndicho alichokuwa anatazama kwenye simu jioni zote zile. Wivu haukuondoka, sitadanganya. Ulisogea tu, kama mtu kwenye benchi.

"Mwambie basi," nikasema.

"Leo hataniamini. Akinitazama mimi anakuona wewe."

Whitney akaupiga mfupi mwingine. Alanyo akachukua hatua mbili, akasimama, akautazama ukifa. Halafu akageuza kichwa, akanitazama mimi, benchi la chini, kama alivyoahidi.

Nikasimama.

"Alanyo! Wandera hakusema! Ni mimi niliyesema, kwa wivu wangu! Goti limepona, kimbia!"

"Kimya tafadhali, watazamaji," akasema mwamuzi kutoka juu ya kiti chake.

Watu wakalipuka kwa kicheko. "Anatabiri upya!" Zuleika akapiga kelele. Na Mzee Ogwal, kutoka kwenye kivuli cha ghala: "Hapana! Kutabiri ni mara moja! Hakuna kubadilisha!"

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Kesho yake, wake wa mawakili wangenunua juisi kwangu huku wakijua. Nikakaa. Goti la Wandera lilikuwa limegusa langu na hakuliondoa.

Alanyo alichezesha kamba za raketi yake kwa muda mrefu. Mpira mfupi uliofuata aliukimbilia. Hakuufikia, akaanguka kwa mikono, uwanja mzima ukavuta pumzi. Akainuka, akapangusa udongo, akarukaruka mara kadhaa kwa mguu wa kulia peke yake, kama anayejaribu kiatu kipya dukani. Uliofuata aliufikia.

Seti ya pili akaichukua. Kwenye ya tatu Whitney alianza kuchanganyikiwa, maana silaha aliyopewa ilikuwa imekufa na hakuwa amejiandaa na nyingine. Hata hivyo yule binti ana moyo. Walikwenda sawa gemu kwa gemu mpaka jua likashuka nyuma ya maghorofa. Alanyo alipobakiza pointi moja ashinde, Whitney akarudi kwenye ule ule mpira mfupi, mzuri kuliko yote, umelala kabisa. Alanyo alitoka mbali. Alikimbia bila kusita, akateleza kwenye udongo kwa mguu wa kulia, akauchota mpira ukiwa karibu kugusa chini na kuuvusha juu ya kichwa cha Whitney. Ukatua ndani ya mstari.

Mwamuzi alitangaza lakini hakuna aliyemsikia. Wandera alikuwa anafuta macho kwa kola ya shati. Zuleika alinipungia chapati kwa mbali akisema tumekwisha, yeye na mimi, wiki nzima na bomba la maji. Nilikuwa nimesimama, mikono yote juu, sauti imenikauka kwa kuliita jina la mwanamke yule, nikahisi sketi yangu ikivutwa.

"Mama," akasema Nanyama, "umenikanyaga mguu."