Nguo Zilizomkaa Vizuri

Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kansa, usiamini nguo zake. Hilo ndilo ninalotaka kusema, na ningeweza kuishia hapo, ila najua mtu akisoma hivyo tu atasema huyu mama amechanganyikiwa. Ni kweli nilichanganyikiwa. Basi nieleze.

Binti yangu mkubwa alikuwa fundi wa nguo. Wote tulimwita Fundi, hata mumewe, hata mimi niliyemzaa. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, ameiweka barazani kwake, na alishona peku. Akivaa kiatu, alisema, haisikii pedali. Kwa hiyo doa jeusi lilipomtokea chini ya unyayo wa kulia nani angeshangaa? Tulisema ni pedali. Nikampa mafuta apake. Doa likatanuka, likapasuka, likawa kidonda kisichofunga, bado tunasema ni pedali. Mimi nilijua kansa ya ngozi ni ya wenzetu weupe wanaoungua na jua. Sasa chini ya unyayo jua linafikaje? Nendeni mkaangalie nyayo zenu, na chini ya kucha pia. Mimi nimeshasema.

Hospitali walimkata pale unyayoni, wakamtoa na matezi ya kinenani, lakini ilikuwa imeshapanda. Mapafu, ini. Daktari akatuambia dawa watakazompa sasa ni za kutuliza maumivu, siyo za kuponya. Nilimsikia vizuri kabisa. Ila maneno yaliingia kichwani yakakosa pa kukaa. Tulipotoka nje nikamuuliza mdogo wake, yule tunayemwita Kibonge, "Kwa hiyo akizimaliza hizo dawa ndiyo anapona?" Kibonge akanishika mkono tukavuka barabara.

Nikahamia kwa Fundi. Mumewe ni dereva wa lori, safari zake ndefu. Alikuwa amekaa nyumbani tangu upasuaji, mpaka mwenye gari akamwambia kama hataki kazi aseme. Asubuhi ya kuondoka akanivuta pembeni, pale kwenye karo la kufulia.

"Mama, yeye sitamuuliza. Atasema hajambo hata akiwa hawezi kunyanyua kijiko. Nitakuuliza wewe."

"Niulize, mwanangu."

"Ukisema rudi, nageuza gari popote nilipo. Ila usinicheleweshe, mama. Nataka niwepo."

Hakusema awepo wakati gani. Na mimi sikumuuliza. Basi hiyo ndiyo kazi niliyoachiwa, moja tu: kujua ni lini niseme rudi. Naapa sikuwa na kazi nyingine.

Kila wiki alikuja muuguzi, wale wanaozungukia wagonjwa majumbani. Alibeba mizani ya kukanyaga kwenye mfuko, nikampa jina la Bi Mizani, kimoyomoyo tu mwanzoni. Anaiweka chini, Fundi anapanda ananishika bega, yule dada anasoma.

"Amepungua tena, mama."

"Hiyo mizani mbovu."

"Si mbovu. Hata mimi ikinipima huwa nasema ni mbovu."

"Tazama hilo gauni la bluu," nikamwambia. "Alilivaa siku ya kwanza kwenda hospitali. Leo limemkaa vilevile. Mtu apungue, gauni lisilegee?"

Bi Mizani akalitazama gauni, akamtazama Fundi. Fundi akasema, "Mwache mama, dada. Naye ana mizani yake."

Kabla ya kuondoka yule dada akaniomba tukae siku moja wote, mimi na mgonjwa na Kibonge, na dereva tumpigie simu, tuzungumze Fundi mwenyewe anataka nini.

"Anataka kupona," nikasema. "Kuna la kuzungumza hapo?"

Fundi akageukia ukutani.

Mimi sasa niamini lipi? Mizani inasema hivi, gauni linasema vile. Mashavu yake yalikuwa yameingia, nikasema ni kukosa usingizi. Kuoga alioga mwenyewe, anaufunga mlango kwa ndani. "Mimi si mtoto, mama." Halafu kikaja kitu kilichonichanganya zaidi. Nilitoka sokoni, nikiwa bado uchochoroni, nikaisikia cherehani. Ile ile, tetetete, inapumzika, tetetete. Nikaweka kikapu chini nisikilize vizuri. Mtu anayekufa hashoni, niliwaza hivyo. Nilipofika ndani alikuwa amesharudi kitandani, anahema.

"Umeshona."

"Kidogo, kwa mguu mmoja."

Jioni dereva akapiga. "Mama, niambie."

"Nguo zinamkaa. Na leo amekaa kwenye cherehani."

"Kweli?"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

Akacheka, sauti yake ikawa nyepesi kama ya mtu aliyetua gunia. "Basi kuna mzigo mwingine huku. Niuunganishe? Nitakawia kidogo."

"Unganisha, baba."

Nilisema hivyo. Unganisha.

Siku ya kufua Kibonge akaja kunisaidia. Mimi napiga pasi, yeye anakunja. Nikaligeuza gauni la bluu ndani nje. Ubavuni pasi ikakwama. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimelundikana kinene kama kamba. Nikakishika, nikakisogeza dirishani. Kulikuwa na mshono wa zamani, ule wa tangu gauni lishonwe. Pembeni yake, kuelekea mwilini, mwingine. Pembeni yake mwingine tena, nao wa cherehani, ila umeyumba. Wa mwisho ulikuwa wa mkono, uzi mweupe kwenye kitambaa cha bluu, umepinda kama wa mtoto anayejifunza.

"Kibonge, hii nini?"

"Limepunguzwa."

"Na nani?"

"Mama, fundi humu ndani ni nani?"

Tukageuza la kijani. Tukageuza la maua. Yote. Hata gauni la kulalia.

"Ile siku aliposhona," nikasema, "alimshonea nani?"

Kibonge alikuwa ameketi sakafuni, gauni mapajani. "Umewahi kumwona mteja akija kuchukua nguo?"

Sikuwahi. Tangu nihamie pale, hakuna mteja aliyekuja.

Niliingia chumbani na lile gauni mkononi, bado limegeuzwa. Fundi alikuwa macho.

"Umeligeuza," akasema.

"Unanidanganya, mimi mama yako?"

"Sijakudanganya. Hukuniuliza mimi. Uliliuliza gauni."

Akaendelea, polepole, anavuta pumzi katikati. "Kila anayeingia hapa ananitazama kiunoni kwanza. Majirani, Kibonge, wewe. Hata mume wangu alikuwa ameshaanza. Nilitaka muache kunipima. Mnitazame usoni kama mtu."

Nikamtazama usoni. Nilikuwa nakaa naye chumba kimoja, nikimnywesha uji, nikimtandikia kitanda, na ndiyo kwanza ninamtazama. Sikuhitaji mizani tena.

"Mbona hukukikata?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo kati ya yote. "Kitambaa chote hicho umekiacha ndani."

"Nilikuwa najua, halafu sijui. Nikinenepa, naachia. Nisiponenepa atavaa Kibonge, na huyo lazima aachiwe chote."

Kibonge akasema toka mlangoni, machozi yanamtoka, "Hata nikiachiwa chote mkono hauingii."

Tukacheka watatu. Mpaka sasa sielewi tuliwezaje.

"Mumeo aliniachia kazi," nikamwambia.

"Najua. Karo lile liko chini ya dirisha langu." Akafumba macho kidogo. "Yuko wapi?"

"Ameunganisha mzigo. Ni mimi nimemwambia."

Akafumbua macho.

"Mwambie arudi. Na yule dada mwite, tukae kama alivyosema."

"Tuseme nini?"

"Nyinyi msiseme. Mimi nitasema."

Nikapiga simu pale pale. Nasikia injini.

"Rudi," nikasema.

"Nguo hazimkai tena?"

"Achana na nguo, baba. Rudi."

Injini ikazimwa. Hakuniuliza kingine.

Bi Mizani alikuja bila mizani. Fundi akasema hataki kurudi kwenye kitanda cha hospitali, anataka awekwe barazani aone watu wanaopita, na dawa apewe kabla maumivu hayajapanda. Mimi nikauliza, akizoea dawa sasa hivi, baadaye si itakosa nguvu? Yule dada akasema dawa haiwekwi akiba, mama, ikihitajika zaidi daktari ataongeza. Nikauliza tena. Akajibu tena. Nadhani niliuliza mara ya tatu, naye akajibu kama ndiyo mara ya kwanza. Huyo dada ningemsikiliza mapema. Wewe unayesoma, akija kwako msikilize.

Kisha ikawa kungoja. Kila lori likipita Fundi anafumbua macho. Alikuwa hali tena, anaomba tu maji ya kulowesha midomo, nami nahesabu pumzi zake naogopa kupitiwa na usingizi. Asubuhi moja akaniambia, "Lifumue la bluu, mama. Anikute nilivyo."

Mimi si fundi. Nilifumua kwa wembe, mshono hadi mshono, nikapasua tundu kwapani. Tukamvisha, tukamketisha barazani na mito. Gauni lilimpwaya kama pazia.

Dereva akaja kwa miguu toka barabarani, funguo mkononi, vumbi hadi kwenye kope. Akasimama. Nikayaona macho yake yanashuka kiunoni, halafu yakapanda usoni yakabaki huko. Akachuchumaa mbele yake.

"Fundi, nani kakuharibia gauni hivi?"

"Mama."

"Usimpe lingine."

Fundi akacheka, kicheko cha pumzi tu, akaweka mkono wake kichwani kwa mumewe. Walikaa hivyo barazani siku chache, siyo nyingi. Alipokata pumzi dereva alikuwepo. Angeweza asiwepo. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Gauni analo Kibonge. Amekataa kushona lile tundu. Cherehani tuliiuza kwa jirani, na mpaka leo ikilia huko ng'ambo ya ukuta naanza kufurahi, kabla sijakumbuka.