Rangi ya Gauni la Marehemu

Rahima alibeba jina la marehemu, na hilo ndilo lililomkosesha amani nyumbani kwao Newala. Dada yake alifariki angali mdogo. Mwaka uliofuata akazaliwa yeye, wazee wakakaa, jina likarithiwa. Ubaya hapo haupo. Nusu ya watu wa Mnyambe, kijiji chao, wanatembea na majina ya waliotangulia. Ubaya ni kwamba mama yake aliamini amemzaa yuleyule. Mpaka leo, Rahima mtu mzima, anaandika programu za simu kwa wateja wa Masasi, mama humfunua goti akitafuta kovu la yule aliyeko kaburini.

"Lilikuwa kubwa hivi," husema, amenuna. "Umelipeleka wapi?"

Rahima huishusha kanga, akalifunika goti.

Ilikuwepo picha moja ya huyo dada, nyeusi na nyeupe, kasimama mlangoni kavaa gauni. Rahima akapiga moyo konde: ataitia rangi, mama amwone mwanawe wa kwanza alivyokuwa, ajue huyu anayeishi naye ni mwingine. Alitamani walau mara moja aangaliwe yeye.

Akaiingiza picha kwenye kishikwambi, akaunda humo gurudumu la rangi. Hesabu yenyewe ni ya shule: unapima kidole kiko umbali gani kutoka kitovuni, kwa kulala na kwa kusimama, tanjenti kinyume inakupa pembe, na pembe ndiyo rangi. Nyekundu iko kulia, ukipanda unaipata njano, kisha kijani, hadi unazunguka na kurudi. Kidole kikielekea ukingoni rangi inakolea. Kosaini na saini zinachora kitone cheupe pale ulipogusa.

Asubuhi moja ya ukungu, mama akimenya ming'oko, vile viazi vya porini, barazani, Rahima akaketi karibu yake.

"Shikamoo mama. Gauni lile lilikuwa rangi gani?"

"Marahaba. Si ulilivaa mwenyewe?"

"Nimesahau."

"La bibo."

Mtu wa korosho angeridhika na jibu hilo, kumbe mabibo, yale matunda ya mkorosho, yako mekundu na yako ya njano. Rahima akagusa njano. Gauni likawa zambarau. Akajilaumu. Kioo huhesabu kutoka juu kwenda chini, hesabu za shule hutoka chini kwenda juu, kwa hiyo pembe ilikuwa imepinduka. Akaweka alama ya kutoa, njano ikawa njano.

"Siyo," mama akasema.

Akagusa nyekundu.

"Siyo hiyo."

Rahima akakiweka kishikwambi kwenye kigoda, anyooshe mgongo. Hapo kitone kikasogea.

Akadhani ni unyevu wa ukungu, akapangusa kioo kwa kanga. Kikasogea tena. Namba alizoziweka pembeni za kutafutia makosa zilionyesha pembe ikipanda taratibu kutoka nyekundu kuelekea njano, ikisita, ikirudi kidogo, kama mtoto anayechagua pipi. Akafungua programu, akaifuta sehemu yote inayopokea mguso, akaiwasha upya. Sasa hata yeye mwenyewe akigusa, hakuna kinachotokea. Pembe ikaendelea kupanda.

Kitone kikatulia. Gauni likashika rangi ya bibo linaloanza kuiva, wekundu umelishika upande mmoja tu.

"Hapohapo," mama akasema, na wala hakuwa amenyanyua uso kutoka kwenye ming'oko.

Kisha akafuta udongo mikononi, akakipakata kishikwambi. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Marahaba, mwanangu," akaiambia.

Safari hii hakuna aliyekuwa amemwamkia. Rahima alilisikia hilo, akaogopa, lakini furaha ilimzidi hofu. Miaka yote ile! Akapiga magoti mbele ya mama yake, machozi yakimtoka.

"Umemwona, mama? Rahima wako ni huyo. Mimi ni mimi."

Mama akamtazama. Alimtazama vizuri, kuanzia usoni hadi miguuni, bila kuligusa goti. Ndivyo Rahima alivyotaka, ndivyo alivyokuwa ameomba siku zote. Kisha mama akamsogezea kigoda kwa adabu anayopewa mpita njia.

"Karibu kiti, binti," akasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"