Karani Husoma kwa Sauti

Kila asubuhi, kabla abiria wa kwanza hajafika, naujaribu mzani kwa maji. Nina madumu mawili ya lita kumi kumi. Nayajaza bombani, nayabeba hadi kaunta yetu, nayapandisha moja baada ya jingine na kusubiri namba nyekundu zitulie. Zikitulia kwenye ishirini na kidogo, na hicho kidogo ni uzito wa plastiki, naandika kwenye daftari kwamba mzani uko sawa. Msimamizi wangu, Ludovick, anasema mimi naogesha mzani. Mwache aseme.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeinamia dumu la pili sauti iliposema nyuma yangu:

"Shusha. Rudisha sifuri kwanza."

Nilishtuka, maji yakanimwagikia kiatuni. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, amevaa gauni la kitenge na sweta zito, miwani nyeusi usoni. Kwa mguu alikuwa anasukuma sanduku la bati. Dereva wa taksi alimfuata na mkungu wa ndizi begani.

"Kabla hujaweka dumu la kwanza mzani ulikuwa unasoma nukta mbili," akasema. "Ukianza na nukta mbili, unamaliza na uongo."

Niliyashusha madumu. Namba zikarudi, zikasimama kwenye nukta mbili. Nikabonyeza kitufe cha sifuri, uso ukinichoma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hapa ndipo uwanja wa Kisongo?"

"Ndipo."

"Basi nimefika. Nimetoka KIA."

Akaketi juu ya sanduku lake. "Sisi wa Akheri mtu akitaja uwanja wa ndege tunajua KIA. Nimefika kule saa kumi na moja alfajiri. Askari akasoma tiketi, akasema, mama, ndege yako inaondokea Arusha. Nikamwuliza, kwani hapa ni wapi? Akacheka. Dereva wangu hakucheka."

"Sicheki mpaka sasa," dereva akasema, akautua mkungu na kuondoka zake.

"Wanaokosea hivyo ni wengi," nikamwambia. "Ndege kubwa kule, ndogo hapa. Yako ni saa tatu na nusu, na sasa ndiyo kwanza saa moja na nusu. Una muda mwingi."

Kwenye orodha yangu aliandikwa Anande Fanuel Nnko, kwenda Zanzibar. Chini ya jina, aliyemkatia tiketi alikuwa ameongeza: abiria amefanyiwa upasuaji wa jicho, asindikizwe akishuka.

"Mama Anande, naomba kitambulisho."

"Niite Mama Hope. Hilo la kwenye tiketi hata mimi huwa nachelewa kuliitikia." Alifungua pochi. "Pasipoti sina. Jirani yangu kaniapia kwamba Zanzibar huingii bila pasipoti."

"Hiki cha taifa kinatosha. Unasafiri ndani ya nchi yako."

"Nilimwambia! Hakunisikia."

Kwenye benchi alikuwa ameshafika Mzee Jamaldini, muuza mazulia wa Kijenge, ambaye hupanda ndege yetu kila mwezi na hujiona mfanyakazi mwenzetu. "Muulize habari ya choo, dada yangu," akasema. "Saa moja na robo angani, choo hakuna. Hawa hawakuambii mpaka umeshakunywa chai ya pili."

"Choo kiko pale, Mama, kabla ya kupanda," nikasema. "Kila mtu naambiwa nimwambie."

"Unamwambia kwa kunong'ona!" Ludovick akaingilia kutoka mlangoni. "Irine, abiria si mtoto mchanga aliyelala. Toa sauti."

Huo ndio ugonjwa wangu, na kila mtu hapo uwanjani anaujua. Majibu ninayo yote. Sauti ndiyo inayobaki kooni.

Mama Hope alikuwa anatazama nje kupitia kioo. Ndege ilikuwa imesimama pale, ndogo, nyeupe, pangaboi moja puani.

"Injini moja?"

"Moja."

"Ikizimika?"

"Ndege ina mabawa, Mama. Haidondoki kama jiwe. Inateleza hewani kama mwewe asiyepiga mbawa, na rubani anatafuta pa kuiweka. Hilo amefundishwa, na kila mara anarudi kupimwa kama bado analiweza."

"Na Meru imefunikwa leo."

"Hatupiti juu ya Meru. Tunaiacha pembeni."

Alinisikiliza kwa makini, macho nyuma ya vioo vyeusi, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeweka alama kwenye orodha. Nilijikuta nimesimama wima zaidi.

Sanduku lilikuwa habari nyingine. Tumbo la ndege yetu ni dogo na vitu vigumu havikunjiki. Tunataka mabegi laini, kilo kumi na tano kila mtu. Nilimweleza, naye hakubishana. Alifungua kufuli. Nikatoa begi laini la shangazi kaja lililoachwa stoo, tukapiga magoti sakafuni, tukaanza kupakia upya.

Kulikuwa na masweta matatu ya mtoto, ya kufumwa kwa mkono, yenye upana wa kiganja changu. Kulikuwa na dumu la maziwa ya mgando, limejaa hadi shingoni. Nikamwomba tupunguze kidogo, kwa sababu juu hewa ya ndani hutanuka na kifuniko huruka. Akamimina kikombe akampa Mzee Jamaldini, naye akakinywa chote na kujifuta masharubu. Ndizi tulizikata vichana, tukachukua viwili vya mtori, supu ya ndizi anayopikiwa mzazi.

"Mwanangu amejifungua siku nne zilizopita," Mama Hope alisema bila kuulizwa. "Mume wake ndiye aliyenipigia. Yeye mwenyewe hatujaongea miaka sita. Hana mwanamke wa kumpikia mtori. Watu wa kule wanajua mtori?"

"Watu wa kule wanajua kula," Mzee Jamaldini akajibu.

Chini kabisa ya sanduku palikuwa na mtandio mweusi, mpya, karatasi ya duka bado imebanwa pembeni. Aliuchukua haraka, akaulaza begini chini ya masweta. "Nivae hapa au nikishafika?" aliniuliza kwa sauti ndogo. "Wasije wakanirudisha."

"Hakuna atakayekurudisha, Mama. Vaa ukitaka."

"Sijasema nataka. Nimeuliza."

Begi lilisoma kumi na nne na nusu. Kisha nikasema lile neno ambalo husumbua kila mtu.

"Sasa wewe, Mama. Panda."

"Nipande wapi?"

"Kwenye mzani."

Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo. "Binti yangu, mimi nimekuwa karani wa mzani wa ushirika wa kahawa miaka ishirini na mbili. Juu ya mzani hupanda gunia."

"Mama, umewahi kupanda pikapu ya kahawa pale mteremkoni, mzigo wote ukiwa nyuma?"

"Mbele inanyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi, huwezi kukata kona."

"Ndege ndogo ni hivyohivyo. Rubani lazima ajue nani mzito akae wapi. Ndiyo maana hata yeye mwenyewe anapimwa. Mimi pia nikipanda napimwa."

Akafikiri. "Basi hilo lina akili." Alivua viatu, akavipanga pembeni, akapanda. Nikaandika kimya, kama ninavyofanya kwa kila mtu, kwa kuwa najua kina mama hawapendi namba zao zisikike.

"Mbona husomi?"

"Nimeshaandika, Mama."

"Karani husoma kwa sauti. Mwenye mzigo asikie, na wa nyuma yake asikie. Vinginevyo anaondoka akijiuliza umeandika nini."

"Sitini na tisa nukta nne," nikasema.

"Sijasikia."

"Sitini na tisa nukta nne!"

Ukumbi mzima uligeuka. Ludovick alipiga makofi mawili. Mama Hope alishuka, akavaa viatu vyake bila haraka. "Sawa. Nimesikia."

Ilibaki fomu ya kusindikizwa. Mtu wetu wa Zanzibar humshika abiria mkono kutoka kwenye ngazi hadi kwa mpokeaji, na hamkabidhi kwa mtu ambaye jina lake halifanani na lililo kwenye tiketi. Bila fomu hiyo, abiria aliyeombewa msaada hatumpandishi.

"Anayekupokea anaitwa nani?"

"Hope." Akanitajia namba ya simu kichwani, tarakimu zote, bila kusita.

Nikaangalia tiketi. Mpokeaji: Salwa Muzammil. Namba ilikuwa ileile.

Nilielewa. Nilijua pia kwamba sitaweza kumwuliza. Kwa hiyo niliinamisha kichwa nikaandika Salwa, kwa herufi ndogo, nikasukuma karatasi pembeni.

"Umeandika nini?"

"Jina la mpokeaji, Mama."

"Soma."

Kiatu changu kilikuwa bado kimelowa. "Salwa," nikasema.

Hakusema mara hii kwamba hajasikia.

"Ni jina zuri, dada yangu," Mzee Jamaldini alianza. "Maana yake ni..."

"Sikuuliza maana." Akanigeukia. "Futa."

"Nikifuta, hawatakukabidhi kwake."

"Basi niandikie ndege ya kesho. Au usiandike." Aliliburuta begi hadi benchini akaketi, mikono juu ya pochi. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Ludovick alinionyesha vidole kumi: dakika kumi, kisha anafunga orodha.

Nikatoka nyuma ya kaunta. Sijui nilivyotoka. Niliketi karibu naye.

"Kanisani ni Mama Hope," alisema, akitazama ndege. "Ushirika, Mama Hope. Marehemu mume wangu hakuniita jina jingine tangu siku mwanangu alipozaliwa. Akaenda Zanzibar kufundisha, akaolewa, akabadili dini, nikasema sawa, Mungu anamjua. Lakini jina? Hilo la Hope nililivaa mimi zaidi yake. Akilivua, mimi nabaki mama wa nani?"

Nilikuwa na swali la kaunta tu, na nikaliuliza kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua.

"Ile namba ya simu, Mama. Anayo tangu lini?"

"Tangu kidato cha sita. Baba yake ndiye aliyemnunulia laini, pale Tengeru."

"Ndiyo iliyo kwenye tiketi. Hajaibadilisha."

Aliifungua pochi, akaifunga tena.

"Miaka sita," nikasema, na sauti yangu ilitoka yenyewe, kavu na kubwa kuliko nilivyotaka. "Kabadilisha jina, mji, nyumba. Laini kaiacha ileile. Mama, mtu hubaki na namba ya zamani ikiwa anasubiri mtu fulani apige."

Mzee Jamaldini alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama Hope alivua miwani. Jicho moja lilikuwa jekundu bado kwa upasuaji, lingine jekundu kwa sababu nyingine. Alifungua begi, akachomoa mtandio kutoka chini ya masweta, akang'oa karatasi ya duka kwa meno.

"Mpigie," akasema.

Nikapiga kwa simu ya kaunta, waya wake umevutwa hadi mwisho. Iliita mara mbili. Mwanamke akapokea, na nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia kilio kile cha siku za mwanzo, kama mlango usiopakwa mafuta.

"Haloo? Salwa naongea. Nani mwenzangu?"

Nikampa Mama mkonga wa simu. Aliushika kwa mikono miwili. Midomo yake ilicheza, kitu kidogo kikatoka, hata mimi niliyekuwa pembeni sikukipata.

"Haloo?" ikasema simu. "Sisikii. Ni nani?"

Ludovick alikuwa na kalamu mkononi juu ya orodha. Abiria wengine walikuwa wameshasimama mlangoni, wanatutazama.

"Mama," nikasema. "Karani husoma kwa sauti."

Akanyanyuka. Akaweka mtandio kichwani, upande mmoja ukining'inia, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusikika hadi mwisho wa foleni ya magunia.

"Ni mimi," akasema, na ukumbi wote ukasikia. "Ni mama yako. Ni Mama Salwa. Weka maji jikoni, nakuja na ndizi."