Nyuso Zinaposikiliza

Dada yangu alikwenda kwanza kwa mpiga picha mwingine. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba nilikuwa na hasira hata kabla hajaketi. Mdogo wake wa tumbo moja ana studio, ina kibao mlangoni, ina taa mbili na kiti cha kuzunguka, halafu yeye anakwenda kupigwa picha ya pasipoti kwa mtu baki, eti kwa sababu ni njiani. Wenye ofisi wakamrudishia. Picha ilikuwa na kivuli nyuma ya sikio. Nilipopata habari hiyo nilicheka peke yangu mpaka Mama Nguo, jirani yangu anayeuza nguo za watoto ng'ambo ya korido, akaja kuchungulia kama niko mzima.

Alhamisi mchana Dada akaingia, mkoba begani, sare ya kazini bado mwilini.

"Chiriku," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kwa sababu ya mdomo wangu. "Nipige haraka, nina mambo mengi."

"Salamu umeziacha kwa yule wa kivuli?"

"Wewe ndiye hujanipa shikamoo yangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, piga."

Alikuwa anasafiri Jumapili. Amepata kazi ya kuwatunza wazee katika nchi ya mbali, mkataba wa miaka miwili unaoweza kuongezwa, na sote tunajua mikataba hiyo inavyoongezwa. Picha zilitakiwa kwenye ofisi ya wakala wa kazi hiyo, mwisho Ijumaa mchana. Nyumbani masanduku yalishatanda sebuleni, na mimi kila nikipita nayaruka bila kuyatazama.

Sasa lazima nieleze kazi yangu, maana ni mbili. Ile inayoniweka mjini ni picha ndogo za pasipoti na vitambulisho. Siku nzima nawaambia watu: usicheke, masikio yaonekane, shusha kidevu, usipepese. Yaani nawalipisha watu ili wafiche walivyo. Kazi ya pili hakuna aliyeniagiza. Picha ikishatoka, nikimwona mteja hana papara, namuuliza kama ana dakika nne za kunipa. Namvalisha hedifoni, nageuza kiti kielekee dirishani penye pazia jeupe, nawasha kamera ya video iliyoko kwenye stendi, kisha namsikilizisha wimbo wangu. Mle chumbani hausikiki wimbo wowote. Kuna feni tu, na mtu anayesikiliza.

Ukiwaona! Kuna mwalimu wa hesabu aliyekuwa anatafuna midomo kama anatoa na kujumlisha. Kuna bibi mmoja alitoa viatu, sijui kwa nini, akavipanga vizuri pembeni ya kiti. Seremala mmoja alilia, akasingizia vumbi, wakati vumbi lote alikuwa nalo yeye kwenye shati. Wateja wakipungua naziunganisha sura hizo kwenye kompyuta, moja inayeyuka inaingia nyingine, na hapo ndipo napotelea kabisa. Naona kama watu wote hao wanaelea mahali pamoja, wanatazama kitu kilichoko chini ya maji, na kila mmoja anakiona kwa namna yake. Mama Nguo anasema mambo yangu ni ya mtu mwenye homa. Lakini yeye mwenyewe ameketi kwenye kile kiti mara mbili, na mara ya pili alijileta.

Kasoro ilikuwa ni wimbo wenyewe. Haukuwa unafika. Niliurekodi kwanza kwa kinanda huku nikivumisha sauti mdomo umefungwa, nikaona mtupu. Nikaongeza gitaa la kuazima. Nikaongeza besi, ngoma, mvua niliyoirekodi kwenye bati, sauti yangu, halafu sauti yangu juu ya sauti yangu. Kila nikiongeza kitu unazidi kuwa mzuri na unazidi kutofika. Na nilijua kisa chake, ila nilikuwa sitaki kukisema. Kila wimbo nilioutunga maishani nilimtungia Dada, na Dada hajawahi kusikiliza hata mmoja mpaka mwisho.

Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Dada alikuwa msichana wa sekondari. Akanilea yeye, na tangu siku hiyo hajaketi. Anakula amesimama. Anauliza habari za kazi akiwa jikoni, na kabla hujajibu maji ya bomba yamefunguliwa. Nikimwambia, Dada, sikiliza hii, atasikiliza mstari mmoja, atasema "nzuri," halafu, "nitaimalizia baadaye, Chiriku." Hizo baadaye zangu ningezipanga zingejaza masanduku yake yote. Sasa alikuwa anaondoka nazo. Nilitaka kitu kimoja tu kabla ya Jumapili, aketi asikilize wimbo mzima. Akiondoka bila hivyo, nilikuwa nimejiambia, nitaiuza kamera ya video na kubaki na pasipoti zangu.

Nikampiga picha. "Usicheke," nikamwambia.

"Nani anacheka?"

Na kweli. Aliitazama kamera kama vile imerudi nyumbani imechelewa. Nikahakikisha hakuna kivuli, nikawasha mashine ya kuchapa. Mashine yangu ni mzee, inataka muda wa kupata moto, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nikaipenda kwa uzee wake.

"Itachukua muda," nikasema. "Nipe dakika nne. Sikiliza kitu."

"Nina haraka. Nimeacha sufuria motoni."

"Unatoka kazini, Dada. Sufuria gani?"

Akajitazama sare. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshinda kwa maneno. "Wewe mtoto," akasema, "weka hicho kitu chako. Lakini ukinigeuza kichekesho huko kwenye video zako, nitakuchapa ulivyo mkubwa hivyo."

Nikamvalisha hedifoni. Nikajifanya natengeneza waya ambao haukuwa na tatizo. Nikageuza kiti, mwanga wa pazia ukamwangukia shavuni. Nikawasha kamera, nikauanzisha wimbo, nikakaa nyuma ya kioo kidogo cha kamera nikimtazama dada yangu mkubwa kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa majina ya waliofaulu.

Kwanza alitazama saa ya ukutani. Kisha akatazama pazia. Gitaa lilipoingia akafumba macho, na mimi roho ikaruka: limempata, gitaa limempata! Nikasogeza kamera karibu. Midomo ikaachana kidogo. Kichwa kikaegemea. Halafu, kabla hata hatujafika kwenye kiitikio, dada yangu akakoroma.

Nilivimba. Sitasema uongo, nilivimba mpaka masikio yakapata moto. Seremala amelia. Bibi asiyenijua amevua viatu. Huyu wa damu yangu, niliyemsubiri miaka yote hii, nampa kiti, nampa mwanga, nampa kila nilicho nacho, halafu ananikoromea! Nikanyanyuka niende kumvua zile hedifoni na kumwambia mashine imeshapata moto, chukua picha zako, safari njema. Machozi yalikuwa tayari yananitoka, machozi ya hasira, yale yanayowasha.

Mama Nguo akachungulia mlangoni na hanga mkononi. "Amelala?" akanong'ona.

"Amelala."

Akamtazama kwa muda. "Kumbe na yeye huwa analala," akasema, akarudi dukani kwake.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika karibu na sikio la Dada. Ukabaki hapo hapo. Nilikuwa najaribu kukumbuka ni lini nimewahi kumwona dada yangu amelala. Alikuwa akilala baada yangu na kuamka kabla yangu. Nikiwa mdogo, nikishtuka saa yoyote na kuita, sauti yake ilijibu papo hapo, "nipo," wala haikuwa na usingizi. Nilipekua miaka yote nikakosa. Hii sura iliyokuwa mbele yangu sikuwa naifahamu. Ilikuwa changa kuliko yangu.

Nikakumbuka kiitikio. Ngoma zangu zilikuwa karibu kuingia, na ngoma zile nilizitengeneza makusudi ili zimshtue mtu kitini. Nikaruka kwenye kompyuta. Mle kila ala ina mstari wake kwenye kioo, na ukibonyeza mstari, ala hiyo inanyamaza nyingine zinaendelea. Nikaibonyeza ngoma. Kiitikio kikapita mikono mitupu, na Dada hakutikisika. Mkunjo mmoja wa paji la uso, ule ninaoujua kama ninavyoujua mlango wa nyumbani, ukalegea.

Nikauweka wimbo uwe unajirudia. Kisha nikaketi sakafuni kati ya kompyuta na kamera, nikaanza kutoa. Nikaitoa besi, huku namtazama. Pumzi yake ikashuka chini zaidi. Nikaitoa mvua. Nikaitoa ile sauti yangu ya juu niliyoifanyia mazoezi mwezi mzima, niliyokuwa naringa nayo, na bega lake likaanguka kwa upole, mkoba ukateleza mpaka sakafuni. Gitaa nililionea huruma, nikaliacha mizunguko miwili, kisha likaondoka nalo. Maneno yakaondoka. Vikabaki vidole vyangu kwenye kinanda na mvumo wa mdomo uliofungwa, ule mwanzo wangu niliouona mtupu. Nikaupunguza mwendo mpaka ukalingana na kifua chake, kikipanda unapanda, kikishuka unashuka, na baada ya muda sikuweza kujua tena ni nani anayemfuata mwenzake.

Pazia lilijaa upepo likatulia. Mwanga ukatoka shavuni ukaenda begani, ukashuka taratibu kwenye mkono uliofunguka pajani, mkono uliozoea kushika kitu. Kwenye kioo cha pembeni sura za watu wangu zilikuwa zinapita bila sauti, mwalimu, bibi, seremala, nikaona kama wamekuja kukaa nasi na wameagizwa wasipige kelele. Kaka mmoja aliyevaa tai alifika kutaka picha. Nikamwekea kidole mdomoni. Akamwangalia Dada, akakubali kwa kichwa, akaenda kuketi kwenye kibanda cha Mama Nguo, na wale wawili ambao hawajuani wakawa wanaongea kwa kunong'ona kama wako msibani au chumba cha mtoto mchanga. Sijui ilikuwa muda gani. Najua nilikuwa na furaha, na sikuwa nasubiri kitu chochote.

Mashine ya kuchapa ndiyo iliyonirudisha, ilitema picha zake na kulia kama inavyolia. Sura sita za Dada, zote macho makavu, zote zinanikaripia. Nikatazama saa. Ofisi ilikuwa karibu kufunga, na kama angeondoka wakati ule ule angewahi. Roho iliniuma kweli, lakini safari ilikuwa yake, na mimi si wa kumharibia. Nikaushusha wimbo kidogo kidogo mpaka ukaisha kabisa.

Dada akafumbua macho. Akatazama pazia, akatazama mikono yake, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Umeuzima?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imelowa usingizi.

"Umeisha." Nikajikaza. Ilibidi niulize, la sivyo ningekaa na swali hilo miaka miwili. "Umeusikia?"

"Hapana," akasema. "Sijasikia kitu."

Nikainama kuokota mkoba wake ili asinione uso. Nikamwambia picha ziko tayari, akitoka sasa hivi anawahi. Nilipoinua kichwa nikamkuta ameshika nywele zake upande wa kushoto, anazipapasa polepole kuanzia paji la uso kwenda kisogoni, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo sasa hivi.

"Nilikuwa kwa Mama," akasema. "Nimeketi chini, yeye yuko nyuma yangu, ananisuka. Hana haraka kabisa. Halafu ukauzima, na amemaliza upande mmoja tu."

Nikazikusanya zile picha sita kwenye mashine.

"Dada," nikasema, "ofisi inafunga."

"Si itafunguliwa kesho asubuhi?" Akazivaa hedifoni yeye mwenyewe, akaziweka sawa masikioni, akaegemea kiti. "Washa, mdogo wangu. Muache amalize na huku."

Nikauwasha. Dada akafumba macho, akakilaza kichwa upande wa pili, akatulia kabisa asimharibie mtu mistari.