Vitanda vya Mjomba Hōhepa

Mjomba Hōhepa alishusha vitanda viwili kwenye gari saa mbili asubuhi, akamtania Bibi Ngahuia: "Mama, ukisema ukweli utaumwa na meno?"

"Funga mdomo, kaza skrubu," Bibi alimjibu.

Afisa wa ruzuku ya walezi alikuwa anakuja saa nne kuhakikisha kwamba wajukuu wawili, Kiriwai na Mihi, kweli wanalelewa hapa kwa Bibi. Tangu mama yao aende Australia na kunyamaza, Bibi alikuwa akiwalisha kwa kufua mashuka ya moteli moja hapa mjini Wairoa, na mgongo wake ulikuwa umechoka. Ruzuku ikikataliwa, asingeweza kuwalisha wote wawili, na Mihi angepelekwa kwa shangazi yake mji wa Hastings. Fomu nilijaza mimi, binamu yao mkubwa. Vitanda lilikuwa wazo la Bibi. Aliamini ofisi haiwezi kumpa mtoto hela kama hana kitanda.

Saa nne afisa, Bi Patterson, aliingia chumbani, akainama akabonyeza mto wa kitanda kimoja. Shuka lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Bibi, hapa hajalala mtu. Watoto wanaishi wapi hasa?"

Bibi alitazama sakafu. Mihi, miaka sita, akamwokoa, au akammaliza: "Vitanda vya mjomba hivyo. Anavitaka jioni."

Bi Patterson alifunga faili lake. Mimi, ambaye hata dukani huomba mwingine aniulizie bei, nilijikuta nimemshika mkono.

"Mama, njoo sebuleni. Tafadhali."

Nyuma ya kochi tulikuwa tumesimamisha magodoro matatu. Niliyalaza chini moja moja, yakigusana, kama tulalavyo wote kwenye marae, nyumba ya ukoo wetu.

"Wanalala hapa na mimi," Bibi alisema taratibu. "Huyu mdogo hapati usingizi mpaka mguu wake uguse wangu. Niliogopa mtatuona maskini, mwanangu."

Lakini Bi Patterson alikuwa anatazama ukuta uliokuwa umefichwa na magodoro. Mistari ya penseli ya kupimia urefu ilipanda hatua kwa hatua, kila mmoja ukiwa na jina na tarehe: Kiriwai, Mihi, Kiriwai, Mihi. Wa chini kabisa ulikuwa wa Februari mwaka jana.

"Nani aliandika?"

"Mimi," Bibi alijibu. "Kila mwisho wa mwezi."

Alifungua faili tena, akapiga picha ukuta wote.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Niliisoma kwa sauti jikoni: imekubaliwa, kwa watoto wote wawili, na malipo yanahesabiwa tangu Februari mwaka jana. Mjomba Hōhepa alipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakajibu.

"Basi Mihi haendi popote!" Kiriwai alisema, akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu mpaka akalia.

Bibi alikwenda sebuleni, akavua viatu, akabana kisigino ukutani.

"Leteni penseli," alisema. "Leo na mimi nimerefuka."