Saa ya Ng'ambo

Tulikuwa na njia tatu za kukimbia, mimi na shemeji yangu Adérito, na kila asubuhi mwenye kuchagua alikuwa yeye. Akinigongea na kugeukia kushoto, nilijua amelala vizuri: tutazunguka mji wa kale, tupite chini ya mnara wa saa, tufuate ngome mpaka pale mawe yake yanapogeuka kuwa kuta za majiko ya watu. Akigeukia kulia, basi kuna jambo linamkera, nasi tutavuka daraja la Coura na kurudi kwa njia ya kinamasi, korongo wakitutazama kama wasimamizi wa mtihani. Njia ya tatu tuliiita Mdomoni, kwa sababu huko, nje ya msitu wa misonobari, ndiko mto Minho unakofungulia bahari mdomo. Hiyo aliiweka kwa asubuhi ambazo marehemu dada yangu Leonilde amemjia ndotoni.

Asubuhi ya safari yake alisimama kizingitini, hakugeuka popote.

"Mdomoni," alisema.

"Una safari, shemeji. Utaingia Luxembourg na mchanga masikioni?"

"Wajue nimetoka wapi."

Rúben, mwanawe, alikuwa amemwita akaishi naye huko. Treni ya Porto ilikuwa saa moja na nusu, na Porto kulikuwa na ndege inayomngoja. Nyumba yake hakuiuza, lakini hayo tumeyaona sana hapa Caminha: mzee akihamia kwa mwanawe, huja likizo ya Agosti, halafu huja kwenye mazishi, halafu haji tena. Mimi sikutaka aende. Hapa nalisema bila kigugumizi. Kwake sikuwa nimeweza. Mtaa wote unaujua mdomo wangu, naumiza mwenye bucha, naumiza hata padri, lakini neno hilo moja lilikuwa limenikwama kooni tangu majira ya baridi. Kwetu mwanamke akimtazama mara mbili mume wa marehemu dada yake, mara ya tatu mji mzima unamsaidia kutazama.

Naye jana yake, tukila dagaa wa kuchoma uani kwangu, alikuwa amesema huku anacheka, "Nikiikosa treni hii, sikati tikiti nyingine. Itakuwa Leonilde amenishika shati." Alicheka peke yake.

Basi tukakimbia. Adérito alikuwa mwoka mikate miaka yote ya uzima wake, na mwoka mikate akistaafu usingizi haumrudii. Alipofiwa ndiyo ukamkimbia kabisa, ndipo akaanza kunigongea alfajiri. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni ya kukaa, na siku za mwanzo nilimlaani kila hatua. Baadaye nikawa naamka kabla hajagonga, nimekwishafunga kamba za raba, nakaa gizani kumsikiliza akipanda ngazi.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Msituni misonobari ilidondosha maji juu yetu kidogokidogo, na miguu yetu haikutoa sauti kwenye majani yake ya sindano yaliyoanguka. Sikumwona vizuri, nilimsikia tu anavyohema, na mimi nikawa nahema naye, mpaka sikujua pumzi ipi ya nani. Nilitamani msitu usiishe. Ukaisha, tukatokea mchangani.

Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Fungu la mchanga lililala wazi, refu, linang'aa, na mwisho wake haukuonekana. Kisiwa cha Ínsua na ngome yake kilielea hewani bila kukalia kitu. Ng'ambo ya mto, kwa Wahispania, mlima wa Santa Tecla ulitoa kichwa tu juu ya ukungu, kama mtu aliyejifunika shuka mpaka kidevuni, na mbwa wa huko walibweka, sijui wanambwekea nani. Tulikimbia juu ya mchanga mgumu, kila unyayo ukijaa maji nyuma yetu na kuzimika.

Tulipofika ukingoni mwa maji Adérito alisimama, akatoa simu mfukoni. Ilikuwa mpya, Rúben ameituma.

"Lo!" alisema. "Saa mbili kasoro. Treni imekwenda."

Akaketi papo hapo kwenye gogo lililotupwa na bahari.

Sasa, Uhispania wako saa moja mbele yetu. Ukifika Mdomoni, simu hudaka mnara wao na kujirukia saa nzima bila kukuomba ruhusa. Mtu wa Caminha hulifunga jambo hilo siku anayonunua simu, ama sivyo atafika kanisani padri hajanawa uso. Simu ya Adérito ilitoka mbali, haikuwa na habari hizo. Niliutazama mwanga, nikayatazama maji, nikajua: hata saa moja yetu ilikuwa haijafika. Tukirudi kwa kasi, treni ataipata, na atapata na dakika za kunywa kahawa.

Sikusema. Nilikaa kando yake kwenye gogo, nikafunga mdomo.

"Basi ndiyo hivyo," alisema.

"Ndiyo hivyo," nikasema.

"Rúben atapiga kelele."

"Atanyamaza. Wana wakipiga kelele huchoka."

Akavua raba moja, akaanza kuikung'uta mchanga, taratibu, kama mtu ambaye hana pa kwenda. Nami nikakaa ndani ya ile saa ya watu wengine na kuanza kuipamba. Kesho tutageukia kushoto. Dirisha la jiko langu linalogoma kufunga atalishughulikia, amelisemea tangu Pasaka. Msimu wa lamprea ukija, wale samaki wembamba kama nyoka wanaopanda Minho, tutawapika na wali kwa damu yao anavyopenda, nami nitamtukana kwa kumaliza mvinyo. Nilikuwa na furaha. Sijui niseme vipi vingine. Ilikuwa furaha ya kuokota, si yangu, lakini ilinipasha moto mpaka vidoleni.

"Kesho njia gani?" aliuliza, bila kunitazama.

"Wewe ndiye unayechagua."

"Nakuuliza wewe."

Kabla sijajibu, kengele ililia. Ya ng'ambo kwanza. Ikapita juu ya maji na kugonga mara nane. Kisha kimya, mbwa mmoja tu. Kisha nyuma yetu, mbali, juu ya misonobari, mnara wetu ukagonga mara saba, ndiyo saa moja yetu ya asubuhi.

Mkono wa Adérito ulisimama ndani ya raba. Mimi nikahesabu, nikajua sitaweza kunyamaza. Nilimtaka mtu huyu, ndiyo, lakini sikutaka kumpata kwa kuwaibia Wahispania saa. Kila akinitazama mezani ningeisikia kengele ile.

"Shemeji," nikasema, "simu yako iko Uhispania. Ndiyo kwanza saa moja. Ukikaza mwendo, treni utaiwahi."

Alivaa raba yake. Alifunga kamba kwa uangalifu mkubwa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nimezaliwa nyuma ya mnara, Zulmira. Unadhani sijui saa ya ng'ambo?"

"Sasa mbona ulisema treni imekwenda?"

"Nilitaka kuona kama utaninyamazia." Alisimama, akapangusa suruali. "Haya. Umesema. Nimeelewa. Ahsante kwa yote, shemeji."

Akaondoka. Kwanza alitembea, halafu akaanza kukimbia, na Adérito akikimbia peke yake si yule anayekimbia na mimi. Miguu mirefu ile ilikuwa imenisubiri miaka miwili bila mimi kujua. Ukungu ulianza kumla, miguu kwanza, kisha kiuno. Nilikaa kwenye gogo kama mjinga. Nilidhani nimetenda jema, kumbe nimemfungulia mtu mlango na kumpa na kofia yake mkononi.

Nikainuka, nikakimbia. Sikuwahi kukimbia hivyo wala sitakimbia tena. Kifua kiliniwaka, mchanga ulinivuta visigino. Mbele yangu ilibaki fulana tu, doa jeupe ndani ya weupe.

"Shemeji!" niliita. Hakugeuka. Mashemeji ni wengi duniani.

"Adérito!"

Sikuwa nimewahi kumwita hivyo, jina tupu. Doa lilisimama.

"Usiende!"

"Unasemaje?"

"Nasema usiende!"

"Sisikii, upepo!"

Upepo gani? Hapakuwa na upepo, ukungu ulikuwa umetulia kama uji. Nikavuta pumzi ili niite kwa sauti zaidi, lakini kabla sijafungua kinywa, sauti nyingine ilitoka mkono wa kulia, mchangani, karibu sana.

"Amesema usiende, we kiziwi! Mimi nimesikia, na Uhispania wamesikia!"

Alikuwa Gracinda, mchimba kombe, ameinama na reki yake na ndoo, hatua chache tu kutoka kwetu, naye yupo hapo tangu maji yalipokupwa. Gracinda huuza kombe sokoni. Akijua kitu asubuhi, adhuhuri kinajulikana mpaka Moledo.

Adérito alikuwa anarudi. Hakukimbia, alitembea, na kila hatua ukungu ulinirudishia kipande chake: magoti, mikono, uso. Uso ulikuwa umelowa, nami sikuuliza ni ukungu au nini. Alisimama mbele yangu, akatupa jicho upande wa Gracinda.

"Atalitangaza sokoni," alisema kwa sauti ya chini.

"Alitangaze," nikasema. "Anipunguzie kazi."